Siku Nne za Kakakuona

Asubuhi ya sikukuu ya miaka arobaini ya Mtukufu, Nyemo Chilewa alisimama mbele ya kakakuona wa mwisho nchini akiwa na sindano mkononi, na kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini na miwili ya kazi hiyo, mkono ukagoma.

Sindano yenyewe haikuwa kitu cha kutisha. Ilikuwa nyembamba, na ndani yake mlikuwa na punje moja, ndogo kuliko punje ya ulezi. Unamchoma mnyama nyuma ya sikio, punje inatambaa yenyewe hadi ubongoni, inajishikiza, na baada ya dakika kumi mnyama si wake tena. Wewe unavaa glovu, unakunja kidole, naye anakunja goti. Ndivyo simba alivyopiga magoti kwenye gwaride la mwaka wa ishirini na tano. Ndivyo tembo alivyopiga saluti mpaka mabalozi wakasimama. Wote hao Nyemo ndiye aliyewaendesha, na alichobaki nacho ni vyeti vitatu ukutani na bega moja bovu.

Punje ilikuwa na kasoro moja, ndogo tu kwa wasiohusika: iliziba njaa. Mnyama akishawekewa, hajui tena kwamba ana tumbo. Unaweza kummwagia tembo nyasi za wiki nzima, akazitazama kama anavyotazama ukuta. Wakubwa walidumu siku ishirini, wadogo hata wiki hawakufika. Baada ya hapo Ikulu ilitoa taarifa fupi yenye mpaka mweusi, na Mtukufu akaongezewa jina. Alikwisha kuwa Simba wa Mwisho, Faru wa Mwisho, Twiga wa Mwisho na Tembo wa Mwisho, na usidhani watu wa itifaki walikuwa wanamsifu bure. Kwa hilo walisema kweli tupu.

"Mbona umesimama kama umetumwa kuomba chumvi kwa jirani?" aliuliza Kihwele, akiwa nyuma ya mitambo yake.

Kihwele alikuwa fundi wa mawimbi, yule anayehakikisha glovu na punje vinasikilizana. Yeye Mhehe, Nyemo Mgogo, na tangu siku ya kwanza kazini hawakupitisha siku bila kutaniana. Serikali ilikuwa imefuta mikoa na kuipa majina ya watoto wa Mtukufu, lakini hakuna aliyekumbuka kufuta utani. Kihwele akisema Wagogo wamezaliwa mkono ukiwa wazi, Nyemo alimjibu kwamba Mgogo haombi, anakumbusha. Kisha alimuuliza mbwa wa mji huu wamekwenda wapi, au iundwe tume kuchunguza jambo ambalo kila mtu anajua liliishia kwenye sufuria ya nani. Kicheko chao kilikuwa kilekile miaka yote, kama kiatu kilichokwisha kuuzoea mguu.

Siku hiyo Nyemo alikuwa anamtazama mnyama tu.

Alikuwa jike, mkubwa kama paka aliyeshiba, magamba yamepangwa mgongoni kama vigae vya paa. Akina mama waliokuwa wanachota mchanga huko Ugogo ndio waliomwona, wakamfunika kwa kanga na kupiga vigelegele, kwa sababu walidhani dunia ni ileile. Zamani kakakuona akionekana hapigwi. Anapelekwa kwa mtemi kwa ngoma, anatandikiwa mkeka wenye maji, nafaka na mkuki, na kile anachokiendea ndicho kitakachotawala mwaka huo: mvua, shibe au vita. Akishasema lake, anarudishwa palepale alipookotwa, na ole wake atakayemgusa kwa fimbo. Hata Sheria ya Mila, kifungu cha tatu, ilikuwa bado inasema arudishwe. Mtukufu aliisaini enzi zile alipokuwa bado anataka kupendwa na wazee. Wiki hiyo Nyemo alikuwa amekisoma kifungu hicho mara tatu, kama mtu anayerudia kusoma barua kutafuta neno aliloliruka.

Safari hii mkeka ungekuwa na kitu cha nne, Kiti cha Mtukufu. Mnikulu, msimamizi wa mambo yote ya Ikulu, alikuwa ameleta maelekezo kwa maandishi: mnyama atayatazama maji, atapita mtama, hatageukia mkuki, ataenda kulala miguuni pa Kiti. Tafsiri ya utabiri, yaani miaka arobaini mingine, ilikuwa tayari imechapishwa kwenye vitenge.

Nyemo aligeukia sinki, akabonyeza sindano, punje ikaenda na maji.

Kihwele aliona. Aliacha kutafuna njugu zake.

"Mgogo. Umeimwaga."

"Nimeimwaga."

"Na akienda kwenye maji?"

"Basi mvua itanyesha."

Lakini haikuwa ujasiri mtupu. Watu wa usafi walipomaliza kung'arisha Kiti, Nyemo alikuwa amebaki nacho peke yake, akapaka chini yake na kwenye miguu yake udongo wa kichuguu aliousaga pamoja na mchwa wake. Na kwa siku mbili hakumpa mnyama chakula. Alimwomba radhi kila alipopita karibu na kreti. Hesabu yake ilikuwa rahisi: aibu ya saa moja, Mtukufu afurahi, kifungu cha tatu kisomwe, na jioni kakakuona awe kwao akichimba. Kihwele aliposikia hayo alimuuliza kama ameandika wosia, maana angependa kuachiwa redio yake. Kisha akalivua koti lake na kulifunika juu ya skrini, asije mtu akaona kwamba hakuna wimbi linalokwenda popote.

*

Uwanjani walikuwepo watu elfu tisini, wachache kwa mapenzi na wengi kwa orodha ya mahudhurio. Nyemo alipiga magoti pembeni mwa mkeka, glovu mkononi, glovu ambayo siku hiyo ilikuwa kama ya kuoshea vyombo.

Kakakuona alitoka kwenye kreti akasimama kwa miguu ya nyuma, mikono ameikunja kifuani kama mtu anayekwenda kumwomba mkwe msamaha. Akatembea, moja kwa moja, hadi kwenye bakuli la maji.

Akasimama hapo. Mnikulu aligeuza uso polepole akamtazama Nyemo, naye Nyemo alikunja vidole ndani ya glovu, akavikunjua, akavikunja tena, kama mtu aliyeketi kando ya dereva na kukanyaga breki ambayo haipo.

Kisha pua ikapata. Mnyama aligeuka, akapita mtama, akaukumba mkuki ukaanguka, watu wakapiga makofi wakidhani vita vimekwisha, akakiendea Kiti kwa haraka ambayo hakuna aliyewahi kuiona kwa kakakuona. Alichimba zulia miguuni pa Mtukufu. Alilamba mguu wa Kiti, akalamba na kiatu. Uwanja ukalipuka. Mizinga ikapigwa, bendi mbili zikaanza nyimbo mbili tofauti na hakuna iliyokubali kumpisha mwenzake.

Nyemo alishusha pumzi. Ndipo alipoona kwamba Mtukufu hamtazami mnyama. Alikuwa amekodolea macho mkono wa Kiti chake, mahali fulani karibu na kidole cha mwisho, na machozi yalikuwa yanamtoka.

*

Alasiri Nyemo aliitwa Ikulu, ambako kakakuona alikuwa amekwisha kupelekwa pamoja na Kiti. Alikwenda na kreti tupu pamoja na kaniki mpya ya kumfunikia msafiri. Mlangoni Mnikulu alimwambia kreti aiache, haitahitajika.

Mtukufu alikuwa ameketi kwenye Kiti kilekile, kimesafirishwa toka uwanjani, na kakakuona amelala mapajani mwake, ameshiba. Kwa karibu alikuwa mzee kuliko kwenye noti: miaka themanini na mitatu, magoti ya chuma, masikio yaliyoendelea kukua wakati mwili mwingine umeacha. Alimwonyesha Nyemo kijitaa kidogo kwenye mkono wa Kiti. Alikiagiza mwenyewe mwaka wa simba, akasema, bila kumwambia mtu, hata mkewe. Mnyama akiendeshwa, kinawaka kijani. Simba alipopiga magoti, kiliwaka. Tembo alipopiga saluti, kiliwaka.

"Leo hakikuwaka, binti."

Aliendelea kusema, kwa sauti ya chini. Kwamba kwa miaka arobaini alipigiwa makofi na watu wenye askari migongoni. Kwamba wanawe wanapomsalimia humtazama kwanza rangi ya macho, wajue ini linaendeleaje. Kwamba hakumbuki mara ya mwisho kiumbe chochote kumjia kwa miguu yake chenyewe. Alipokuwa anasema hivyo alimpapasa mnyama kutoka mkiani kwenda kichwani, kinyume cha magamba. Hakujua hata kupapasa.

Nyemo alikumbusha kifungu cha tatu, kwa adabu zote. Mzee alisema anakijua, ni yeye aliyekisaini.

"Akirudi porini, kesho atakutana na mtu mwingine. Sasa akimwendea na huyo?"

Hapo Nyemo alielewa. Angeweza kunyamaza. Angerudi nyumbani na cheti cha nne, na kakakuona angebaki kwenye nyumba ya mazulia na marumaru isiyo na kichuguu hata kimoja, ambako angekufa taratibu huku akipigwa picha. Au angesema. Kwa uongo wa siku ya taifa, watu walipelekwa mahali ambako hata jina lake halikutajwa. Alimtazama mnyama aliyemshindisha njaa siku mbili ili amwokoe. Akaona jinsi alivyolala kwa kuamini, tumbo juu.

"Mtukufu," alisema, "alifuata mchwa."

Akaeleza yote, kichuguu, njaa, koti juu ya skrini, ila koti alisema ni lake. Mnikulu aliinamia viatu vyake. Nyemo alisubiri kushikwa mkono. Mzee hakukasirika, na hilo lilimtisha zaidi. Alisema tu kwamba basi Kiti kioshwe, mnyama awekwe chini, ijulikane.

Kikaoshwa kwa sabuni. Kakakuona akawekwa katikati ya zulia, kati ya harufu ya sabuni na buti za askari wanane. Alinusa mara moja, akajikunja. Akawa mpira wa magamba.

Mtukufu alishuka kwenye Kiti. Askari walitaka kumshika, akawafukuza kwa mkono. Magoti ya chuma yalilia alipokuwa anainama, mpaka akafika chini kabisa, tumbo juu ya zulia, uso karibu na ule mpira. Akasema njoo. Alisema kama mtu anavyomwita mjukuu anayeona haya wageni. Akasubiri. Mshale wa dakika kwenye saa ya ukutani ulizunguka karibu mzunguko mzima.

"Ana nini?" aliuliza mwishowe.

"Anaogopa, Mtukufu."

"Ananiogopa mimi?"

Nyemo aliutazama ule mpira wa magamba. Mzee naye akautazama, kisha akanyoosha mikono ili ainuliwe, na aliposimama, uso wake ulikuwa umekwisha kurudi kuwa ule wa kwenye noti. Aliagiza mnyama awekewe punje. Nyemo alipomwomba asifanye hivyo, kwani huyu hana mwenzake nchini, Mnikulu alieleza kwa upole kwamba ipo njia ya pili ya kumfungua. Akaonyesha mlangoni. Nondo mbili zilikuwa zimeegemezwa pale, tayari. Watu wa Ikulu walikuwa hawasahau kitu.

Sindano au nondo. Nyemo alisimama kati ya hayo mawili, na alichokiona wazi ni kwamba hakuna mlango wa tatu, na kwamba aliyeufunga wa tatu ni yeye. Angemwacha anywe maji yake pale uwanjani, mbele ya watu elfu tisini, asingekuwa mnyama wa mtu. Angekuwa kakakuona aliyetabiri mvua.

Aliomba sindano. Alijiambia haiumi. Alikuwa amejiambia hivyo kwa miaka ishirini na miwili, na sauti ya kujiambia ilikuwa imezoea kazi.

*

Siku ya kwanza Mtukufu alibandika plasta juu ya kijitaa. Aliibandika mwenyewe, akaikandamiza kingo zake vizuri, kisha akaketi na kusema yuko tayari.

Nyemo alisimama nyuma ya pazia. Glovu ina siri moja ambayo waendeshaji hawaipendi: kidole gumba hakiendeshi kitu. Chenyewe kinapokea. Moyo wa mnyama unadunda hapo, kwenye nyama ya kidole chako, ili ujue kasi ya kumwendesha. Moyo wa tembo ulikuwa kama mtu anayebisha hodi na kusubiri. Wa kakakuona ulikuwa wa haraka, mwepesi, kama mvua inayoanza kwenye bati.

Alimfungua kutoka kwenye mpira. Akamsimamisha, mikono kifuani, akamtembeza hatua kumi na tisa hadi miguuni pa mzee. Mtukufu alimkaribisha, akamuuliza habari za safari, akacheka peke yake. Alijua. Nyemo alijua kwamba anajua. Walifanya hivyo asubuhi, na tena alasiri.

Siku ya pili Nyemo alileta siafu kwenye kopo, akawamwaga mbele ya mnyama. Wakampanda usoni, wakatembea juu ya macho yake, naye asipepese. Alikaa akiwatoa mmoja mmoja kwa kibanio cha nyusi. Kihwele, aliyekuwa na mitambo yake kwenye chumba cha pili, alikuja mlangoni akitaka kusema kitu kuhusu Wagogo na karamu, akamwona, akarudi.

Siku ya tatu mvua ya kidole gumba ilianza kuruka matone.

Siku ya nne, asubuhi, Mtukufu alikuwa na furaha. Alivaa kanzu ya nyumbani, akaagiza askari watoke. Nyemo alimsimamisha mnyama, akamtoa nyuma ya pazia. Hatua ya tano, ya sita. Kwenye hatua ya kumi na moja, kidole gumba kilinyamaza.

Alisubiri tone lingine. Halikuja.

Punje haihitaji moyo. Inahitaji msuli, na msuli huchukua saa kadhaa kuelewa kwamba mambo yamekwisha. Mbele yake mzee alikuwa ameinama, mikono ameifungua, anaita. Na vidole vya Nyemo, vile vinne visivyopokea kitu, vikaendelea. Kumi na mbili. Kumi na tatu. Hakuviamuru. Vilikuwa vinajua kazi yao tangu simba. Kakakuona alifika hatua ya kumi na tisa, akapanda miguuni pa Mtukufu, akaweka kichwa gotini.

"Umeona?" mzee alisema kumwelekea pazia. "Leo amekuja upesi."

Nyemo alivua glovu. Akatoka nyuma ya pazia, jambo ambalo mwendeshaji hafanyi, akaja akasimama mbele yake.

"Amekufa tokea katikati ya zulia, Mtukufu. Hizo hatua za mwisho ni zangu."

Mzee alimtazama. Kisha akamvuta mnyama juu mapajani, akamfunika kwa mikono yote miwili.

"Bado ana joto," alisema.

Nyemo aliketi chini, palepale. Hakujua walikaa hivyo muda gani. Aliyeingia ni Kihwele. Kwenye skrini yake alikuwa ameuona moyo ukinyooka kuwa mstari, akasubiri amri, akachoka kusubiri. Alivua kofia. Alipita mbele ya Kiti bila kuinama, akachuchumaa, akaitazama ile maiti ndogo kwa muda mrefu, halafu akamwambia Mtukufu kwa sauti ya kawaida kabisa, ile ya kuongea na mzee wa mtaani:

"Mzee, mtoe marehemu tukamzike."

Mtukufu alimuuliza yeye ni nani.

"Mtani wake. Marehemu katokea Ugogo, kwa hiyo ni Mgogo. Mimi Mhehe. Kwenye msiba hata mtemi humpisha mtani." Alinyoosha mkono, akagusa gamba moja la mkiani. Utani wa msibani haukatishwi, akaumalizia. "Na huyu Mgogo gani jamani, kafika Ikulu mwenyewe, kakaa siku nne, na hajaomba hata kitu kimoja."

Nyemo alicheka. Kilimtoka kicheko, kikageuka njiani, akalia kwa sauti, uso kwenye zulia. Kihwele hakumgusa. Aliendelea kuchuchumaa, mikono imenyooshwa mbele ya mzee, akisubiri kukabidhiwa.

Mtukufu aliwatazama wawili hao kama mtu anayesikia lugha aliyoisema utotoni.

"Na mimi?" aliuliza. "Nitakapokufa, mtani wangu nani?"

Kihwele alifikiri kwa heshima, kama swali lilivyostahili.

"Sijui, Mzee. Sijasikia anayethubutu."

Ilichukua muda. Kidole kimoja kililegea, halafu cha pili. Kihwele alimpokea marehemu, akampa Nyemo, maana wa kubeba ni ndugu, na Nyemo akamfunga kwenye ile kaniki mpya. Wakatoka. Kwenye ukumbi mrefu askari wanane walikuwa wamesimama mistari miwili, wanamtazama Mnikulu, na Mnikulu alikuwa anautazama mlango uliofungwa, akisubiri neno kutoka ndani, la kuwaacha au la kuwakamata. Neno lilikuwa bado halijatoka. Kihwele alitangulia, akiwaomba askari wapishe msiba, mmoja baada ya mwingine, nao wakapisha.

Nyemo alifuata bila kuangalia pembeni. Alikuwa anashangaa mzigo ulivyokuwa mwepesi. Alijaribu kukumbuka uzito wake siku alipomtoa kwenye kanga ya wale akina mama, jinsi bega lake bovu lilivyolalamika. Sasa bega halikusema kitu.